Alama ya Saa Sita

Kitu cha kwanza alichokiona Docus ni kwamba Madam Nabangala alishuka kwenye bodaboda.

Docus alikuwa uani akianika matambara ya deki. Lango lilifunguliwa, pikipiki ikaingia mpaka chini ya ngazi za baraza, jambo ambalo mlinzi hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kulifanya, na Madam akateremka bila kofia kichwani, sketi imempanda magotini, kiatu kimoja kimejaa udongo mwekundu. Huyu ndiye aliyebandika pale langoni picha ya pikipiki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Ndiye aliyemwandikia karani wa stoo barua ya onyo kwa sababu alionekana Katwe amepakiwa nyuma ya boda, tena siku ya Jumamosi, akiwa na kapu lake mwenyewe la sokoni. Sheria zote za usalama wa wafanyakazi zilikuwa zake, na alizishika kama mzazi anavyoushika mkono wa mtoto barabarani. Sasa alikuwa ametoka Nakasero juu ya pikipiki, saa tisa mchana, na alipanda ngazi bila kuitikia salamu ya mlinzi.

Docus aliacha tambara moja likining'inia kwa ncha. Alikulia katika kambi ya polisi, kwenye vijumba vya mabati vilivyopangwa mgongo kwa mgongo, na huko mtoto hujifunza mapema kusoma vitu vidogo: ofisa anayetembea ameshika kofia mkononi badala ya kuivaa, gari linalosimama mbele ya mlango usio wa dereva wake. Habari yenyewe hufika baadaye, na maneno yake. Miguu ya anayeileta hutangulia.

Mlinzi alikuwa ameshangaa tu, akiitazama pikipiki inavyogeuza. Docus hakushangaa. Tangu saa sita alikuwa anaingoja habari hii, na alikuwa akiomba isije.

*

Shirika lilichimba visima. Ofisi yake ya Kampala ilikuwa nyumba kuukuu ya ghorofa moja kwenye mteremko wa Lubaga, yenye mlingoti wa redio uliopita mapaa ya majirani wote, lakini visima vyenyewe vilikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, Sudan Kusini, katika wilaya ambazo vita vilisemekana vimekwisha. Vilikuwa vimekwisha kwenye karatasi. Barabarani walikuwa bado wamo watu ambao hawakuletewa karatasi hiyo.

Ndiyo maana kila gari lililotoka lilikuwa na fomu yake katika chumba cha redio. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: kuondoka, kituo cha kwanza, kituo cha pili, kufika. Dereva alitakiwa kuita Kampala kwa redio kila afikapo kituoni, ataje mahali alipo na idadi ya watu aliokuwa nao, kwa sauti yake mwenyewe, na mwendesha redio akishaisikia sauti hiyo ndipo aweke alama ya tiki kisandukuni. Hiyo ilikuwa sheria ya Madam Nabangala, na aliipenda kuliko sheria zake zote. Aliwahi kuwaambia mkutanoni kwamba tiki moja ni watu watatu wazima.

Madereva walikuwa na sheria yao. Aliyeianzisha ni Mzee Wandera, Mkenya wa Busia, mwenye miaka kumi na miwili kwenye barabara zile na tundu la risasi katika mlango wa nyuma wa gari lake, ambalo alilifunga kwa udongo wa kushikizia vioo vya dirisha na kulipaka rangi. "Redio haina mlango," alimwambia Odur, mwendesha redio. "Nikikutajia daraja, nimekutajia wewe, na nimemtajia pia aliyekaa kichakani na redio ya wizi. Basi mimi sitataja kitu." Wakakubaliana. Wandera akifika kituoni angebonyeza tu kitufe cha kuitia. Redio ya Kampala ingetoa mlio, mara mbili, na basi. Hakuna jina, hakuna mahali, hakuna sauti ya mtu. Redio ile ilikuwa ya zamani, haikuhifadhi chochote. Mlio ukishapita umepita. Odur angeweka tiki, na Madam angeiona tiki na kuridhika kwamba mtu amesema.

Chini ya siri hiyo palikuwa na siri nyingine. Odur alikuwa sajini mstaafu wa polisi, na kila adhuhuri wastaafu wenzake walikutana nyuma ya kibanda cha kinyozi kucheza mweso, ule mchezo wa bao. Alikuwa mtu wa mweso kwelikweli. Alizipanga kete hata ndotoni. "Docus," alisema mara ya kwanza, mwaka jana, akiwa tayari ameshavaa koti, "kaa hapa kidogo. Mlio ukilia, weka tiki hapa. Unajua kuweka tiki?"

Docus alijua. Alikuwa ameishia darasa la tano, na hiyo alama aliijua vizuri kuliko herufi nyingi, kwa kuwa alikuwa akiitazama sana kwenye madaftari ya wenzake.

Hivyo kila saa sita, mfagiaji na mpika chai wa shirika aliketi kwenye kiti cha mwendesha redio, mgongo umenyooka, mikono mapajani, akisikiliza mvumo wa hewani unaofanana na mvua isiyonyesha. Hakumwambia mtu. Zilikuwa ndizo dakika zake nzuri za siku. Wandera aligundua, hakuna aliyejua kwa njia gani, na siku moja alipokuja Kampala kutengeneza gari alimkuta jikoni akamwambia, "Mlio wa kwanza ni wa ofisi, dada. Wa pili ni wako, nakusalimia." Tangu siku hiyo Docus aliposikia mlio wa pili aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeamkiwa.

Kosa lilikuja wiki tatu zilizopita. Mlio ulichelewa. Docus alikiacha kisanduku kitupu akatoka kwenda kuwapelekea wageni chai, na Madam akapita akakiona. Odur alihojiwa nusu saa nzima. Aliporudi hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. "Binti yangu," alisema, "kisanduku kitupu kinazaa maswali. Wandera atachelewa dakika kumi, ishirini, barabara ile si lami. Saa ikifika, weka tiki. Mlio utaikuta tiki inaungoja." Na ikawa hivyo. Docus aliweka tiki, na baada ya dakika kumi mlio ulikuja ukaikuta. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Tiki ilitangulia, gari likafuata, mpaka ikawa kama vile tiki ndiyo inayolivuta gari.

Leo kengele ya kanisa kuu ilipogonga adhuhuri, aliweka tiki. Akaketi akangoja. Ilipofika sita na robo alifuta vumbi kwenye redio. Sita na nusu alisogeza kiti. Mvumo ulikuwa uleule. Saa saba kasoro robo Odur aliingia anacheka peke yake, ameshinda michezo mitatu, akatupa jicho kwenye fomu.

"Ha! Mzee hachelewi siku hizi."

Docus alichukua ndoo yake, akatoka.

*

Docus alipoingia chumba cha redio na chupa ya chai, Madam Nabangala alikuwa amesimama mbele ya ramani ya ukutani. Simu ilikuwa mezani imefunguliwa sauti, na ndani yake mtu alikuwa anapumua. Docus alimtambua kwa ile pumzi: Fadhul, msimamizi wa kambi ya Nyapuru, kule ambako gari lilipaswa kufika saa nane.

"Twende polepole, Afande Odur," Madam alisema. "Waliondoka saa mbili?"

"Saa mbili kamili, madam. Watatu. Wandera, Injinia Cleopas na Ajwang."

"Saa nne?"

"Lokwana. Tiki."

"Saa sita?"

Odur aliinamia fomu ingawa alijua kilichoandikwa. "Daraja la Achuro. Tiki."

"Saa nane?"

"Saa nane, kimya. Nikawapa nusu saa, kama kawaida. Nikawaita kwa redio, nikawaita kwa simu ya setilaiti. Kimya. Ndipo nikakupigia."

Madam aliweka kidole chake kwenye ramani na kukiacha hapo. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bungoma, mwenye sauti ya kuhesabu maneno. "Nakuuliza la saa sita. Ulimsikia Wandera mwenyewe?"

"Ndiyo, madam."

"Alisema nini? Nataka maneno yake."

Docus alikuwa ameinamisha chupa. Chai ilijaa kikombe na bado aliinamisha, hadi ilipomwagika kwenye sahani.

"Alisema..." Odur alijipangusa paji la uso. "Alisema, 'Kampala, tumevuka Achuro. Wote watatu salama.' Tena akasema kuna joto."

"Joto?"

"Joto kali, madam."

Madam aliandika. Docus alimwona akiandika: joto kali. Alishangaa jinsi neno dogo kama lile lilivyofanya kazi. Kabla yake Wandera alikuwa tiki tu. Sasa alikuwa mtu aliyejifuta jasho upande wa pili wa daraja, hai, saa sita mchana, amesikiwa. Odur mwenyewe alionekana kufarijika, kana kwamba ameanza kuikumbuka sauti ambayo hakuisikia.

"Fadhul, umepata hilo?" Madam aliuliza.

"Nimepata, dada. Wamevuka Achuro, saa sita. Joto." Kiswahili chake kilikuwa cha Juba, kimekatwakatwa. "Basi wako upande wangu."

"Nitakuambia kitu kinachonisumbua." Madam alirudi kwenye ramani. "Asubuhi Lokwana waliniambia soko halikufanyika. Wale mama wa mihogo hawakutoka. Niliwaza kuizuia safari, Mungu anisamehe, nikasema niache, ni siku moja. Kama ningeulizwa bila fomu, ningesema wamekwama hapa, kati ya Lokwana na daraja. Kwenye huu msitu. Mama wa soko hawakosei."

"Lakini wamevuka," alisema Fadhul.

"Lakini wamevuka," alisema Madam, na kidole chake kikavuka nao.

Wakapanga. Fadhul alikuwa na gari moja na mwanga wa jua mpaka saa kumi na mbili. Angetoka Nyapuru kuelekea darajani, akitazama kila njia ya pembeni, na darajani angegeuza. Ng'ambo hakukuwa kwake. Ng'ambo, tangu Lokwana hadi mtoni, kulikuwa kwa Kapteni wa kituo cha jeshi, naye alikuwa na gari moja vilevile.

"Tumwambie naye atoke?" Odur aliuliza.

"Hatoki kwa kubahatisha," Fadhul alijibu. "Mwezi uliopita tulimtoa bure, askari wake mmoja akapoteza mguu. Ukimwita mwite kwa jambo la hakika."

"Jambo la hakika tunalo moja tu," Madam alisema, na akaigonga fomu kwa kalamu, palepale, kwenye alama ya Docus.

*

Odur alimfuata jikoni. Alisimama mlangoni, mkubwa, mabega yamemshuka, akanong'ona kwa Kilango, lugha ya nyumbani kwao wote wawili, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha kambi ambacho kilikuwa rahisi zaidi kwa mambo magumu.

"Mlio ulilia, sivyo?"

Docus alitazama sinki. Palikuwa na kijiko, akakisuuza.

"Nimesema maneno ambayo Wandera hakusema. Nimekosa, najua. Lakini hayo maneno ni pambo tu, binti yangu. Mlio ulilia, kwa hiyo alivuka. La maana ni hilo, alivuka. Sivyo?"

Maji yalitiririka. Docus alijaribu kulitafuta neno, na neno lilikuwepo, fupi kuliko yote, lakini alikisuuza kijiko tena. Alimwona Odur wa miaka tisa nyuma. Baba yake Docus alikuwa amezikwa Jumanne, na Ijumaa kambi ilitaka nyumba yake. Majirani walikuwa wamefunga milango, si kwa ubaya, ni kwa aibu. Odur ndiye aliyekuja, amevaa sare, akajitwika godoro lao kichwani na kutembea nalo mpaka chini ya Lubaga, na mama yake nyuma, na yeye Docus amebeba sufuria zilizokuwa zikilia njia nzima. Ndiye aliyemtafutia kazi hii. Akifukuzwa leo, pensheni yake isiyofika kwa wakati itamlisha nani?

"Vizuri," alisema Odur. Alimgusa bega, akaenda.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa maisha yake yote. Walimu walihesabu kimya chake kuwa hajui, na mwenye nyumba alikihesabu kuwa amekubali. Watu wema, kama Odur, walikihesabu kuwa ndiyo. Hakuna aliyewahi kusubiri upande wa pili wa kimya hicho aone kama kuna mtu anakuja.

Ajwang peke yake alikuwa akimchokoza. Alikuwa mwalimu wa usafi wa shirika, msichana wa Kisumu mwenye kicheko cha kuvunja vyombo, na kila alipolala Kampala alikaa juu ya meza ya jikoni huku akila kilichopikiwa wengine. "Docus, wewe ungekuwa redio ningekurudisha dukani," alikuwa akisema. "Nina risiti yako, wewe!" Juzi, kabla ya kupanda gari la kaskazini, alimshika mashavu kwa mikono yenye harufu ya mafuta ya nazi akamwambia, "Nikirudi nataka chapati za tabaka. Si zile zako za kujilazimisha." Docus alikuwa ameshanunua unga.

Alifikiri: Ajwang yuko wapi hivi sasa, saa hii? Alijaribu kumwona. Hakuweza kumwona upande wa pili wa daraja, kwenye joto kali la Odur. Alimwona chini ya miti.

*

Saa kumi kasoro dakika chache, makao makuu yalipiga simu kutoka ng'ambo ya bahari. Madam alizungumza kwa Kiingereza, na Docus, akiwa ukumbini na fagio, hakuelewa mengi, lakini alilisikia jina la Achuro, akasikia saa sita ikitajwa, mara mbili, na mara ya pili aliyeitaja alikuwa mzungu wa huko. Alama yake ilikuwa imesafiri. Ilikuwa imetoka kwenye kalamu yenye kifuniko kilichotafunwa, ikapita kinywani mwa Odur, ikavaa maneno, ikavaa joto, na sasa ilikuwa inaandikwa na watu wasiomjua, katika vyumba asivyoweza kuviwaza. Kila aliyeipokea aliipitisha mbele ikiwa na uzito kidogo zaidi.

Kisha Fadhul akapiga. Docus alijikuta amesimama mlangoni mwa chumba cha redio.

"Dada, nimefika nusu ya njia. Hakuna kitu. Lakini nimekutana na mtu wa baiskeli, ametoka darajani. Muuza samaki. Anasema alikaa chini ya daraja tangu saa tano, akingoja jua lipungue, mpaka saa nane. Anasema hakuna gari lililovuka."

Redio ilivuma.

"Hakuna hata moja?" Madam aliuliza.

"Anasema hata moja."

"Alilala huyo," alisema Odur haraka. "Joto lile! Mtu akikaa kivulini na samaki zake, atakosaje kulala?"

"Alilala," Fadhul alikubali, bila nguvu. "Huenda."

Madam aliitazama fomu. Docus aliyaona macho yake yakitoka kwenye simu kwenda kwenye karatasi, yakirudi, yakienda tena. Mtu mwenye macho mawili alikuwa amekaa kwa muda wa saa tatu chini ya daraja na kusema alichokiona. Na upande mwingine palikuwa na mistari miwili midogo ya wino wa buluu. Ukashinda wino.

"Endelea mpaka darajani," Madam alisema. "Uangalie vizuri zile njia za—"

"Madam."

Ilitoka kama kikohozi. Hakuna aliyegeuka.

"Madam."

"Docus, chai inatosha, asante."

"Yule wa baiskeli hakulala."

Sasa waligeuka. Odur aligeuka wa kwanza, na kwa jinsi alivyogeuka Docus alijua kwamba ameelewa. Rangi ilimtoka usoni kama maji yanavyonyonywa na mchanga. "Docus," alisema, kwa upole, upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, "nenda jikoni, binti yangu."

Miguu yake ilitaka kwenda. Ilikuwa imezoea. Alishika ubao wa mlango ili isiende.

"Saa sita mlio haukulia," alisema.

"Mlio?" Madam aliuliza. "Mlio gani?"

Ikabidi aanze mbali, naye hakujua kuanza mbali. Maneno yalitoka kinyumenyume, ya mwisho kwanza: tiki, kisha mlio, kisha kitufe cha Wandera, kisha kiti. Alisema kwamba tiki aliiweka yeye. Kwamba huiweka saa ikifika, ili kisanduku kisikae kitupu. Kwamba leo alikaa pale mpaka saa saba kasoro robo, na kwamba redio ilivuma tu. Hakumtaja mtu wa mweso. Hakuhitaji, kiti alichosema alikikalia kilikuwa kimoja tu humo ndani, na Odur mwenyewe alikuwa amekikalia, mikono yake mikubwa imefunika uso.

"Na sauti?" Madam alimgeukia Odur. "'Kampala, tumevuka'? Joto?"

Odur alitikisa kichwa bila kuondoa mikono.

Docus alingoja kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Madam Nabangala alimjia karibu, mpaka akaona vumbi la bodaboda lililokuwa bado kwenye nyusi zake, akamuuliza kitu ambacho hajawahi kuulizwa na mtu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Fadhul, umesikia. Usigeuke darajani, ngoja pale pale." Tayari alikuwa anabonyeza namba kwenye simu ya pili. Iliita muda mrefu. Nje, jua lilikuwa limeshuka upande wa kilima, na kivuli cha mlingoti kilikuwa kimelala uani, kirefu, kimepita ukuta kikaingia kwa jirani.

"Kapteni," Madam alisema. "Nabangala, Kampala. Nahitaji gari lako kwenye msitu wa Achuro, sasa hivi, kabla mwanga haujaisha. Watu wangu hawakuvuka."

Sauti iliyojibu ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. Ilikuwa na Kiswahili cha askari, kilekile ambacho Docus alikua nacho kambini. "Saa tisa na nusu mtu wako Fadhul ameniambia wamevuka. Mmesikia sauti. Sasa hawakuvuka. Nani amewaona?"

"Hakuna aliyewaona."

"Nani amewasikia?"

"Hakuna. Nina mtu ambaye hakuwasikia."

Kwenye simu mtu alisikika akiweka kikombe mezani, na mbali zaidi, mbwa.

"Madam, mimi nina vijana tisa. Mwezi uliopita walikuwa kumi wazima. Nikiwatoa kwa ajili ya mtu ambaye hakusikia, nitawaambia nini?" Kisha: "Mpe simu huyo mtu."

Madam alimnyooshea. Simu ilikuwa ya moto, na ilikuwa nyepesi, nyepesi mno. Docus aliiweka sikioni. Aliona Odur ameinua uso na anamtazama, bila hasira wala ombi, kama mtu aliyeketi ufukoni anavyoitazama mashua iliyokwishaondoka.

"Wewe nani?" iliuliza sauti. "Na kazi yako hapo ni ipi?"

Alijua lililoandikwa kwenye barua yake ya kazi, kwa kuwa alilisoma silabi kwa silabi siku aliyopewa. Halikuwa jibu la swali hili.

"Alum," alisema. Aliisikia sauti yake ikienda mbali, ikipita juu ya mapaa, juu ya mpaka. "Docus Alum, Afande. Saa sita mimi ndiye ninayekaa kwenye redio. Niliwangoja, wala sikuondoka. Hawakuita."